Bahasha, hundi ya bima au hukumu: familia iliyofiwa kwa ajali Zanzibar ichague njia ipi

Hitma haijasomwa, tayari mwenye gari ashafika na bahasha. Anakuja na watu wazima wawili na sheha, wanakaa barazani, wanatoa pole, wanazungumza kudra ya Mwenyezi Mungu. Baadaye inatolewa karatasi. Kizuka, yaani mjane aliye edani, yuko ndani, haonani na wanaume wa nje, kwa hiyo anayesaini ni ami wa watoto au kaka mkubwa wa marehemu. Katikati ya karatasi hiyo kuna mstari unaosema familia haina tena dai lolote kwa dereva, kwa mwenye gari wala kwa kampuni ya bima. Fedha iliyomo ndani ya bahasha inatosha sanda, hitma na labda mchele wa mwezi mmoja.

Mimi ni msaidizi wa sheria na karatasi za namna hiyo huletewa zikiwa zimeshasainiwa. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu kwa familia ambayo bado haijasaini. Njia kubwa ni tatu: sulhu ya kifamilia, madai kwa kampuni ya bima, na kesi ya madai Mahkamani. Nitasema tangu mwanzo ninaloliamini: palipo na watoto wadogo, njia iliyo bora mara nyingi ni kwenda bima ukiwa na hesabu kamili mkononi na wakili nyuma yako, huku kesi ikiwa tayari kufunguliwa. Sulhu ina nafasi yake, tena nafasi ya heshima, lakini nafasi hiyo si kufunga haki ya yatima.

Kwanza ujue dai lina thamani gani

Huwezi kulinganisha bahasha na hundi kama hujui dai lenyewe linafika wapi. Wengi hudhani Mahkama inapanga bei ya roho. Haifanyi hivyo na haiwezi. Inachopima ni pengo la matunzo: waliokuwa wakimtegemea marehemu wamepoteza kiasi gani, na kwa miaka mingapi.

Fikra hii ilitoka Uingereza. Mwaka 1808 jaji mmoja wa huko aliamua kwamba kifo cha mtu hakimpi mwingine haki ya kudai fidia, na msimamo huo ukadumu mpaka Bunge lao lilipotunga sheria ya 1846 iliyowaruhusu mke, mume, wazazi na watoto kudai walichopoteza. Mwaka 1942 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliweka wazi namna ya kupiga hesabu: chukua kipato cha marehemu, toa alichokuwa akikitumia mwenyewe, kinachobaki kizidishe kwa idadi ya miaka inayofaa. Mahkama za Afrika Mashariki zinafuata njia hiyo hadi leo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi umeme wa Fuoni, umri miaka 34, ana mke, mtoto mmoja wa kiume, wawili wa kike, na mama yake mzazi; baba alishatangulia. Anaingiza shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye mke na watoto, mara nyingi theluthi moja huhesabiwa kuwa matumizi yake mwenyewe, yaani 200,000. Zinabaki 400,000 kwa mwezi, sawa na 4,800,000 kwa mwaka. Mpaka afike miaka 60 alikuwa na miaka 26 ya kufanya kazi, ila Mahkama haizidishi kwa 26. Familia inapewa fedha zote kwa pamoja na inaweza kuziweka zikazaa. Tena marehemu mwenyewe angeweza kuugua, kukosa kazi au kufa mapema kwa jambo jingine. Kwa hiyo miaka inapunguzwa, tuseme ibaki 14. Dai linakuwa 67,200,000, kabla ya gharama za maziko na matibabu.

Sasa angalia hili. Fundi huyo huyo, lakini familia haina karatasi hata moja ya kuonesha kipato, na Mahkama inakubali kwamba alipata angalau 250,000 kwa mwezi. Toa theluthi, zidisha kwa miezi 12, unapata 2,000,000 kwa mwaka. Mara 14, ni 28,000,000. Mtu ni yule yule, watoto ni wale wale, na zaidi ya milioni 39 zimepotea kwa sababu ya karatasi. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuihimiza familia iliyofiwa, nitachagua hiki: kusanyeni ushahidi wa kipato kabla simu ya marehemu haijafutwa na daftari lake halijafungiwa vitumbua.

Kwa aliyeajiriwa, kuna hati ya mshahara na michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Kwa fundi, kuna jumbe za fedha za simu, oda za wateja, risiti za duka la vifaa, na mtu aliyemfanyia kazi akaja kusema nilimlipa kiasi hiki. Kwa mvuvi, kipato cha kusi si cha kaskazi, kwa hiyo lete ushahidi wa mwaka mzima: mwenye chombo anayegawa mapato, mnunuzi wa dikoni, mnadi. Kumbuka pia upande wa pili wa hesabu, yaani fedha alizokuwa akizitoa nyumbani. Rekodi ya simu inayoonesha kila mwisho wa mwezi alimtumia mama yake fedha Wete ina nguvu kuliko mashahidi watano wanaosema alikuwa mtoto mwema.

Na wanawake? Hapa ndipo ninapoona dhuluma kubwa. Mama anagongwa njiani akitoka pwani, na mtu wa bima anaandika kwenye fomu "hakuwa na kazi". Alikuwa analima mwani, na mnunuzi ana daftari la kilo zake. Alikuwa anapika, anafua, anauguza mkwe, anapeleka watoto skuli na chuo cha Qur'ani. Kazi hizo zina gharama, na gharama yake ni ile ambayo familia italipa ili mtu mwingine azifanye. Mahakama za Uingereza zilishakubali tangu 1915 kwamba mume aweza kudai thamani ya kazi za nyumbani za mkewe aliyeuawa kwa uzembe. Usikubali fomu hiyo ibaki hivyo. Andika orodha ya kazi zake za siku, alfajiri mpaka usiku, na uulize mfanyakazi wa ndani analipwa ngapi mtaani kwenu.

Kijana asiyeoa hesabu yake ni ndogo zaidi. Kijana anatumia sehemu kubwa ya kipato chake mwenyewe, na miaka inahesabiwa kwa kuangalia umri wa wazazi pia. Inauma kuisikia, lakini ni bora uisikie sasa kuliko siku ya hukumu.

Sulhu: ina uzito gani na inaishia wapi

Faida ya sulhu ni ya kweli. Dereva aliyegonga mara nyingi ni mtu wa shehia ya pili, mnasali msikiti mmoja, watoto wenu wako darasa moja. Chuki ikikaa baina ya nyumba mbili Kojani au Makunduchi, hukumu ya Mahkama haiiondoi. Na dini yetu imelifungua mlango jambo hili: katika Suratun Nisaa, aya ya 92, anayeua kwa kukosea anatakiwa atoe diya, yaani fidia ya roho, kwa ahali wa aliyekufa isipokuwa wakisamehe, pamoja na kafara, ambayo kwa asiyeweza kumwacha huru mtumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo.

Lakini tuwe wakweli kuhusu kinachoitwa diya katika baraza zetu. Diya ya kuua kwa kukosea, kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, ni ngamia 100 wa namna tano kwa umri na jinsia, 20 kwa kila namna, na wanaobeba ni ukoo wa aliyeua, kwa muda wa miaka mitatu. Ngamia ukiwapangia bei yoyote unayotaka, mia moja hawaingii kwenye bahasha ya kaki. Kinacholetwa barazani ni ubani, mkono wa pole. Kipokeweni kama ubani, mshukuruni aliyeleta, lakini msikiandike diya.

Kuna jambo jingine ambalo watu wazima wanaosaini huwa hawalitazami. Diya inarithiwa. Kila mrithi ana fungu lake, na anayesamehe anasamehe fungu lake. Ami hana fungu pale penye mtoto wa kiume wa marehemu, kwa hiyo hana la kusamehe. Mama mzazi anaweza kusamehe sudusi yake, yaani moja ya sita, na mke thumuni yake, moja ya nane. Fungu la mtoto wa miaka mitatu halisamehewi na mtu yeyote, kwani mlezi amekatazwa kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora, na kuigawa bure si njia iliyo bora. Nimewaeleza hivi masheha wengi na masheikh kadhaa, na sijapata aliyenipinga. Tatizo ni kwamba hakuna anayeuliza.

Upande wa serikali, diya haina nguvu ya kisheria hapa. Mahkama ya Kadhi, chini ya Sheria Namba 9 ya 2017, inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na mambo kama hayo; haina uwezo wa kumwamuru mwenye daladala alipe ngamia wala shilingi. Kadhi atakusaidia kuthibitisha warithi ni nani na mafungu yao ni yapi. Hiyo ni kazi muhimu, lakini si kesi ya fidia.

Hatari kubwa ya sulhu iko kwenye maandishi. Bima inalipa kwa sababu dereva na mwenye gari wana wajibu wa kulipa. Ukiwaondolea wajibu huo kwa maandishi, bima nayo inapata pa kutokea. Kwa hiyo dereva akija kuomba radhi, msameheni kwa mdomo, mbele ya watu, kwa moyo mkunjufu. Akitaka maandishi, iandikwe kwamba kilichopokewa ni ubani na mchango wa maziko, na kwamba haki za watoto na madai ya bima zimebaki kama zilivyo. Dereva mwenye nia njema hatakataa, maana fedha ya bima haitoki mfukoni mwake. Anayekataa sentensi hiyo amekwambia kwa nini alikuja.

Bima: haraka kuliko kesi, lakini wao ndio wenye kalamu

Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinatakiwa kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na kifo cha mwenda kwa miguu au cha abiria ndicho kitu hasa kilichokusudiwa. Siku ile ile ya ajali, mtu mmoja wa familia apige picha ya nambari ya gari na ya stika ya bima. Uhai wa stika unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ambayo ina ofisi Zanzibar pia. Stika ikiwa imekufa au ya bandia, picha nzima ya uchaguzi inabadilika, na ni bora ulijue hilo wiki ya kwanza.

Andikieni kampuni ya bima barua mapema na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Msisubiri kesi ya jinai iishe. Ambatisheni ripoti ya polisi, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kama marehemu alifikishwa hospitali, na cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kuhusu sababu ya kifo, naelewa kwa nini tunakimbilia kuzika. Lakini kabla hamjaondoka Mnazi Mmoja au Abdulla Mzee, ombeni daktari aandike sababu ya kifo kwa maneno yasiyo na utata. Hili lina uzito mara mbili pale mtu anapokufa wiki kadhaa baada ya ajali. Amevunjika paja, amelazwa, amefariki siku ya ishirini, na kwenye karatasi imeandikwa sukari. Bima haitalipa kwa sukari. Daktari aliyemtibu ndiye pekee anayeweza kuunganisha paja na kifo, na anakumbuka vizuri zaidi mwezi huu kuliko baada ya miaka miwili.

Njia ya bima inaweza kuchukua miezi, si miaka, pale makaratasi yamekamilika. Haina ada ya Mahkama. Na kampuni ina fedha, tofauti na dereva. Ubaya wake ni kwamba anayekadiria dai ndiye anayelilipa. Ofa ya kwanza mara nyingi haioneshi ilivyofikiwa: unaambiwa tu milioni kadhaa, saini hapa. Ulizeni hesabu. Mmechukua kipato kipi, mmetoa sehemu gani, mmezidisha kwa miaka mingapi? Kampuni iliyoulizwa maswali haya matatu kwa barua inajua kwamba upande wa pili una mtu anayejua kazi.

Soma hati ya malipo kabla ya kalamu. Maneno ya kutafuta ni "malipo kamili na ya mwisho". Ukiyasaini, umemaliza, hata kama siku ya pili utagundua kwamba dai lilikuwa mara tano ya hapo. Mkiwa na shida ya fedha, na kizuka aliye edani miezi minne na siku kumi hana pa kwenda kutafuta, ombeni malipo ya awali yaandikwe kuwa ni sehemu ya dai. Mkikwama, kuna malalamiko TIRA na kuna msuluhishi wa migogoro ya bima, njia ambayo ni nafuu kuliko kesi.

Mahkama: kwa nini uende, na kwa nini usiende

Swali la kwanza si kama mtashinda. Swali la kwanza ni nani atalipa mkishinda. Hukumu ya milioni 60 dhidi ya kijana wa bodaboda asiye na bima, anayeendesha chombo cha mtu, inaweza kubaki karatasi kabatini. Lakini angalia vizuri kabla hujakata tamaa: chombo ni cha nani? Alikuwa kazini kwa nani? Mwajiri anabeba uzembe wa mfanyakazi wake anapokuwa kwenye kazi yake. Gari la mkandarasi, basi la hoteli, lori la kokoto, chombo cha taasisi: hapo nyuma ya dereva yuko mtu mwenye mali. Ikiwa ni chombo cha serikali, notisi ya maandishi inatangulia kesi, kwa hiyo wakili aonwe mapema zaidi.

Faida za Mahkama ni tatu na zote nzito. Inalazimisha upande wa pili utoe nyaraka na ujibu maswali. Inagawa fidia kwa majina ya wategemezi. Na inawalinda watoto: kesi yenye mtoto mdogo ikishafunguliwa, anayemsimamia hawezi kukubali sulhu bila ruhusa ya Mahkama. Kwa familia ambayo watu wazima wake hawaaminiani, kinga hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kwenda.

Watu huchanganya kesi ya jinai na ya madai. Dereva kushitakiwa na kutozwa faini hakukupi fidia ya matunzo. Wala kuachiwa kwake hakumalizi dai lenu, kwa kuwa jinai inataka ushahidi usioacha shaka na madai yanataka tu upande wenu uwe na uzito zaidi. Akitiwa hatiani, chukueni nakala ya hukumu, itawafupishia njia.

Hasara za Mahkama nazo zisemwe. Kesi inaweza kuchukua miaka, ikapanda Mahkama Kuu, ikaenda Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Kuna ada, nauli, na wakili. Kwa mtu wa Micheweni anayefuata tarehe Chake kila mara, nauli peke yake ni mzigo. Gharama za matibabu, kusafirisha maiti na maziko ni hasara mahsusi, na Mahkama ya Rufani ilishasema tangu 1992 kwamba hasara mahsusi lazima itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe. Kusema "tulitumia kama milioni mbili hivi" hakutoshi. Risiti ya gari iliyobeba maiti inatosha. Tena Mahkama inaweza kupunguza fidia kwa kosa la marehemu mwenyewe: hakuvaa kofia ya pikipiki, alining'inia nyuma ya gari, alivuka akitazama simu. Piga picha ya mahali pa ajali siku hiyo hiyo, kabla alama za breki hazijafutika, kwa sababu hoja hiyo itakuja.

Na muda. Zanzibar ina sheria yake ya ukomo wa madai, tofauti na ya Bara, kwa hiyo usichukue idadi ya miaka uliyoisoma kuhusu kesi ya Dodoma. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa. Nawashauri wote wajiwekee mwisho wao wenyewe: miezi sita tangu kifo, ofa ya maana ikiwa haijaja, hati ya madai ianze kuandikwa.

Fedha ikishaingia: mirathi au matunzo?

Hapa familia huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rudi kwa fundi wetu wa Fuoni na milioni 67.2. Ikigawiwa kama mirathi, mke anapata thumuni, 8,400,000. Mama anapata sudusi, 11,200,000. Zinabaki 47,600,000 kwa watoto: wa kiume 23,800,000, na kila mtoto wa kike 11,900,000.

Mahkama inayogawa fidia ya matunzo inatazama kitu kingine. Inauliza nani alimtegemea kwa kiasi gani na kwa muda gani. Mtoto wa mwaka mmoja, wa kike au wa kiume, ana miaka mingi mbele kuliko kaka yake wa miaka 15, kwa hiyo fungu lake linaweza kuwa kubwa zaidi. Mjane aliyebaki na malezi yote anaweza kupata zaidi ya thumuni. Fedha za watoto zinaweza kuamriwa ziwekwe benki mpaka wakue.

Kisheria fidia hii si mali aliyoiacha marehemu; ni hasara waliyoipata walio hai. Mali yake, pamoja na mishahara aliyokuwa akidai na madai yaliyokuwa yake kabla hajafa, ndiyo inayopita njia ya mirathi, kwa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Najua wapo wanaoona fedha zote zigawiwe kwa mafungu ya Qur'ani kama diya inavyogawiwa, na hoja yao si ya kudharauliwa. Ninachosisitiza ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike mapema, mbele ya kadhi na mjane akiwepo, kabla ya hundi. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa kikao kimoja cha baada ya Alasiri.

Aliyefia kazini

Kwa kifupi: kama kifo kimetokana na kazi, tazameni kwanza Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 1986 na marekebisho yake ya 2005. Hamhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri, inatosha kwamba ajali ilitokana na kazi. Kiasi kinafuata kanuni inayotokana na mshahara, kwa hiyo ni cha uhakika zaidi na mara nyingi ni kidogo kuliko cha kesi ya uzembe. Mafao ya ZSSF kwa warithi wa mwanachama ni jambo la peke yake. Yadaini hata kama mnadai kwingine. Kabla ya kupokea malipo ya mwajiri, mwulizeni wakili kama kupokea kunafunga mlango wa kesi.

Waliofia baharini na angani

Sisi wa visiwa tuna somo letu. MV Spice Islander I iliyozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ilikuwa na uwezo wa abiria 645 na mabaharia 45, ikapakia watu wengi kupita kiasi hicho. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Kwa familia nyingi hakukuwa na maiti ya kuzika wala jina kwenye orodha ya abiria, hasa watoto na waliolipia ndani ya meli.

Kwa ajali ya namna hiyo, kabla ya thamani ya dai kuna swali gumu zaidi: alikuwemo? Ushahidi ni tiketi, au picha yake. Ujumbe wa simu aliotuma akiwa gatini. Mtu aliyemsindikiza Malindi na kumwona akipanda. Aliyekuwa akimsubiri Wete. Abiria aliyenusurika akakaa naye. Mkiyakusanya mapema, kiapo kikaandikwa, Mahkama inaweza kuridhika kwamba amefariki bila kungoja ile miaka inayowekwa na sheria kwa mtu asiyejulikana alipo. Ndiyo sababu nawaomba wasafiri wote, hata wa boti ya asubuhi tu, waandikishe majina kamili ya watoto na wabaki na tiketi zao.

Safari ya ndege ya kimataifa ni nyepesi zaidi kwa familia. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, shirika la ndege haliwezi kukataa kuwajibika kwa hasara iliyothibitishwa mpaka kiwango cha SDR 151,880 kwa kila abiria, kiwango kilichoanza Desemba 28, 2024. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachobadilishwa kuwa shilingi au dola. Zaidi ya hapo, shirika linaponea tu likithibitisha kwamba halikufanya uzembe, au kwamba kosa lilikuwa la mtu mwingine peke yake. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili.

Nani achague nini

Marehemu akiwa mzee asiye na wategemezi, na mwenye kosa ni jirani maskini asiye na bima: sulhu, na hakuna haja ya kuona haya.

Marehemu akiwa na mke au mume na watoto, na gari likiwa na bima hai: bima kwanza, kwa hesabu iliyoandikwa, na kesi baada ya miezi sita. Mnaweza kumsamehe dereva siku ya kwanza na bado mkafuata njia hii mpaka mwisho.

Mwenye gari akikana kosa, au ripoti ya polisi ikimtupia marehemu lawama zote, au ndugu wakigombania usimamizi wa fedha: Mahkama moja kwa moja.

Asiye na uwezo wa wakili asikae nyumbani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imewapa wananchi haki ya kusaidiwa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinahudumia Unguja na kina ofisi Chake Chake, na jumuiya ya wanasheria wanawake, ZAFELA, inawapokea wajane. Kizuka asiyeweza kutoka anaweza kumtuma mtu na barua yake, au akaomba msaidizi wa sheria wa shehia yake amfuate nyumbani. Mpeni mtu huyo picha ya stika, cheti cha kifo, simu ya marehemu ikiwa na laini yake, na majina ya watoto wote na tarehe zao za kuzaliwa. Karatasi ya mwenye gari, kama imeshaletwa, aichukue pia bila saini.